Mahali pa Kulala Chali

Kikapu cha Karambu hakikuwa kimefika nusu, na mstari uliobaki ulikuwa mrefu. Alichuma kwa mikono miwili, majani mawili na chipukizi, akitupa nyuma ya bega bila kugeuka, kama alivyofanya tangu chai ilipopandwa upande huu wa msitu. Kila baada ya vichaka vichache alisimama, akashika magoti, akakohoa mpaka kikapu kikatikisika mgongoni, kisha akaanza tena. Ilikuwa Julai. Mvua yenyewe haikunyesha. Ulikuwa ule ukungu wa Imenti ya juu unaomlowesha mtu taratibu, kuanzia kwenye nyusi.

Kwenye mstari wa pili mumewe, Riungu, alichuma akiwa amejifunga karatasi ya nailoni kiunoni. Alikuwa amemtangulia. Kila kikohozi kilipoanza alisimama pale pale, bila kugeuka, mikono juu ya chai. Kilipoisha, na aliposikia majani yakikatika tena nyuma yake, naye aliendelea.

"Hodi huko!" mtu aliita kutoka njiani. "Bwana Riungu, sikuoni, ukungu umekumeza. Lakini Mama Nelius nimemsikia tangu kule kwa kituo cha chai."

Alikuwa Hassan, mwenye bucha katika mtaa wa Majimbo, mjini Embu. Kwa miaka mingi alikuwa akipanda huku kununua fahali, na kwa kuwa barabara ya huku hufungwa na matope, mara nyingi alilala. Karambu alikuwa akimpa kuku hai na kisu, achinje mwenyewe kwa dini yake, kisha yeye humpikia. Urafiki wao ulianza hivyo, kuku kwa kuku, mpaka Karambu na Mwanarusi, mke wa Hassan, nao wakawa wanatumiana ndizi na sukari.

"Karibu," Riungu alisema. "Umekuja kwa yule fahali?"

"Fahali atangoja, ameumbwa kungoja. Mimi nimetumwa na Mwanarusi, na mtu akitumwa na Mwanarusi hapitii kwa ng'ombe kwanza." Aliingia kati ya mistari, koti lake limeloa mikono yote miwili. "Mwezi wa nane anakwenda kwao Lamu. Nyumba ya shangazi yake iko tupu. Anasema twende wanne. Likizo."

"Likizo ya nini?"

"Ya baridi! Hujaona Wazungu? Kwao baridi ikija wanafunga milango, wanakuja kulala mchangani na chupi. Kwani baridi yako wewe ni ndogo kuliko yao?"

Karambu alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkalisha chini kati ya vichaka, na wanaume wawili wakasimama wakitazama mbali mpaka kiishe.

Hassan hakuwa amesema kwa mzaha tu. Ni yeye aliyewapeleka kwa daktari mjini Embu mvua za masika zilipoisha. Daktari aliinua picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kitambo kirefu, kisha akawaeleza polepole, kwa Kiswahili chepesi. Mapafu ya mama yamechoka. Ni moshi wa jikoni wa miaka yote, na baridi juu yake. Hakuna dawa ya kuyarudisha. Iko ya kupunguza tu. Mahali penye joto, pakavu, pasipo moshi, angeweza kupata muda. Huko juu kwenu, alisema, hatapata.

"Hamna mtu mahali pa joto?" daktari aliuliza.

Walikuwa naye. Binti yao Nelius alikuwa ameolewa Ishiara, ambako jua haliulizi mwezi. Lakini mama hakai kwa mkwe wake. Akienda, anakunywa chai na kuondoka kabla kiti hakijapata joto. Riungu alikuwa pia na kipande cha shamba Mitunguu, chini kwenye joto, chenye migomba na maji ya mfereji. Walikuwa wamejaribu huko mwaka uliotangulia. Karambu alipumua vizuri majuma machache, kisha malaria ikamshika, akarudishwa milimani akiwa amebebwa kwenye kiti. Daktari alisikiliza yote hayo, akairudisha picha ndani ya bahasha yake, akampa Riungu aishike.

Sasa Riungu alitazama chai yake. Alikuwa mtu wa kufikiri jambo kutoka mwanzo wake mpaka mwisho wake, na hakupenda kuharakishwa.

"Na chai?"

"Baridi ikiwa hivi, chai nayo si imelala? Kathuri atachuma."

Ilikuwa kweli. Katika baridi majani hutoka kwa uvivu, na Kathuri, mdogo wake, angeweza kuyafikia yote. Riungu alivunja chipukizi moja, akalitia mdomoni, akalitafuna.

"Huko bahari iko karibu na nyumba?" aliuliza.

"Mzee, huko nyumba ndiyo iko karibu na bahari."

*

Walivuka kutoka Mokowe kwenda kisiwani kwa boti ya injini, wameketi wanne kwenye ubao mmoja. Riungu alikuwa amevaa koti lake la kanisani na viatu vya kamba, na katikati ya miguu yake kulikuwa na kikapu cha ndizi za Mitunguu na viazi. Alikuwa ameshika ubao kwa mikono yote miwili.

Hassan alikuwa amengoja nafasi hii tangu Embu. Riungu mwenyewe ndiye aliyemsimulia zamani kwamba Wameru walitoka kwenye kisiwa kilichoitwa Mbwaa, walikotawaliwa na watu wa nguo nyekundu, na kwamba walitoroka usiku, bahari ikawapa njia.

"Mwanarusi, mtazame huyu," Hassan alisema kwa sauti ya kuishinda injini. "Babu zake walitoka huku usiku wakikimbia, watoto mgongoni. Yeye anarudi mchana, na kikapu cha ndizi!"

"Ndiyo maana ninashika ubao," Riungu alijibu. "Walioondoka walikuwa na sababu."

"Na hao wa nguo nyekundu ndio sisi?" Mwanarusi aliuliza. "Haya basi, dada Karambu, ukifika fungua sanduku langu. Nguo nyekundu sina hata moja."

Karambu alicheka, akangoja kikohozi. Hakikuja. Aliweka kiganja kifuani, akakiacha hapo, kama mtu aliyesikia mlango ukifungwa ndani ya nyumba na hajui ni nani aliyetoka.

Nyumba ya marehemu shangazi ilikuwa ya mawe, yenye ua katikati na vyumba vilivyoufuata ua ule. Madirisha hayakuwa na vioo, milango ilikaa wazi, na upepo wa kusi uliingia upande mmoja na kutokea mwingine mchana kutwa. Mwanarusi alipika nje, kwenye kona ya ua, kwa makaa, na moshi mdogo uliokuwapo uliinuka moja kwa moja kwenda zake.

Kila siku baada ya chakula cha mchana mji mzima ulilala. Riungu hakuwahi kulala mchana maishani mwake isipokuwa akiwa mgonjwa. Siku ya kwanza aliketi barazani na kofia magotini, akitazama njia isiyokuwa na mtu, kisha akaingia kumtazama mkewe. Alisimama mlangoni.

Karambu alikuwa kwenye kitanda cha kamba, chali, mikono imeachwa wazi pembeni, mdomo umefumbwa. Kwa baridi mbili zilizopita alikuwa akilala ameketi, ameegemezwa magunia mawili ya maganda ya mahindi, na pumzi yake ilisikika hadi kwenye zizi. Sasa Riungu hakusikia kitu. Alipiga hatua, akainama, akaona kifua kikipanda na kushuka, kidogo kidogo, bila kazi.

Alitoka akamkuta Hassan amejinyoosha kwenye mkeka uani.

"Amelala chali," Riungu alisema.

"Basi mwache alale. Na wewe lala."

"Hukuelewa. Chali, Hassan."

Hassan alifumbua macho, akamwona uso wake, akaketi.

Kuanzia hapo siku za Karambu zilifunguka. Asubuhi alikwenda na Mwanarusi sokoni, akabishana na wauza samaki kwa Kiswahili chake cha Nkubu mpaka wakampa jina, Mama Milima. Alasiri wote wanne walitembea hadi ufukweni Shela. Hassan aliingia majini na fulana, akipiga kelele kama mtoto. Mwanarusi aliketi mchangani na kumtukana kwa upendo. "Toka, wewe, utazama, na mimi eda sikuipanga mwaka huu!" Karambu alivua viatu, akainua kanga aliyoazimwa, akaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mawimbi yakamvuta, akapepesuka, akacheka, akaingia tena.

Riungu alisimama mahali mchanga ulipokuwa mgumu, na viatu vyake.

"Njoo, Baba Nelius!" mkewe alimwita. "Yana joto!"

"Nayaona hapa nilipo."

"Unangoja yaondoke?" Hassan alimdhihaki kutoka majini. "Au unaogopa yatakupa njia tena, uende mpaka Bara Hindi?"

"Maji yasiyonywesha ng'ombe wala kumwagilia viazi," Riungu alisema, "sijui nianze kuongea nayo wapi."

Walicheka naye, naye akatabasamu. Lakini alikuwa amesema alichokiona. Aliamka kabla ya adhana kwa mazoea, na hapakuwa na kitu kilichomngoja. Ng'ombe hakumwita. Siku ya pili alifagia ua wote kabla wenzake hawajaamka, mpaka Mwanarusi akampokonya fagio: "Shemeji, utaniletea aibu, majirani watasema nimekualika unifanyie kazi." Siku iliyofuata alisuka upya kamba ya ndoo ya kisimani. Aliirekebisha bawaba ya mlango. Baada ya hapo alitoka nje ya mji, akachota udongo kiganjani, akaupitisha kati ya vidole, akauacha uanguke. Alipomaliza mambo ya kufanya, mikono yake ilianza kumuuma, kwenye viungo, kama mikono ya mzee.

Mwanarusi ndiye aliyelisema jambo. Walikuwa wanne wakila, na likizo ilikuwa inaelekea kuisha.

"Dada Karambu abaki," alisema. "Mimi nina dada zangu hapa, watamtazama. Nyumba ina nafasi. Abaki mpaka baridi iishe kwenu, na baridi nyingine ikija abaki pia. Hata akitaka abaki kabisa. Siombi shukrani. Nasema tu kile ambacho wote tumekiona."

Hassan alimtazama Riungu. Riungu alimega ndizi ya kupikwa, akaichovya kwenye mchuzi.

"Ni neno zuri," alisema. "Asante. Tutalizungumza."

Walilizungumza alasiri ile ile, wawili peke yao, ufukweni. Karambu aliketi. Riungu alisimama, kisha akaona si vizuri kusimama juu ya mtu katika neno kama lile, akaketi naye, koti na yote.

"Ubaki," alisema.

"Na wewe?"

"Mimi nina chai."

"Chai anayo Kathuri sasa hivi na haijafa."

"Karambu, Kathuri anachuma. Lakini shamba si kuchuma tu." Alitafuta namna ya kusema, na hakuwa mtu wa maneno mengi. "Hapa wewe ndiye mzima. Mimi ndiye mgonjwa. Nikiamka sijui mimi ni nani. Nikikaa hapa mwaka mmoja utakuwa unanilisha kwa kijiko."

Karambu alichora kitu mchangani kwa kidole, akakifuta. Alikuwa akingoja. Kama angesema, Nitakuja Desemba, nitakuja kila baada ya msimu mkubwa wa chai, hata kama si kweli, angebaki. Alimpa muda wa kulisema. Riungu alikuwa akihesabu moyoni kama lingewezekana, mvua, kupalilia, ng'ombe mwenye mimba, barabara, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuahidi jambo kabla hajaliona mwisho wake, alinyamaza.

"Nikifa huku," Karambu alisema mwishowe, "utanifikisha nyumbani na nini?"

"Huku hutakufa. Huku unapumua."

"Kila mtu hufa, Baba Nelius. Huku nitakufa nimelala vizuri. Halafu nizikwe mchangani, kwa watu wanaoniita Mama Milima kwa sababu hawajui jina langu." Alivuta pumzi ndefu, safi, akaitoa. "Wewe hujui hata kuwasha moto."

"Nitakula kwa Kathuri."

"Kwa mke wa Kathuri? Yule anayeweka chumvi kama analisha ng'ombe?"

Riungu alicheka kwa pua. Alipaswa kumwambia tena abaki. Alijua hivyo, na baadaye, akiwa juu ya ngazi na udongo mikononi, alikumbuka kwamba alijua. Lakini alikuwa ameshalisema mara moja, na kwake neno lililosemwa mara moja lilikuwa limesemwa. Naye Karambu alikuwa amengoja mara ya pili.

Asubuhi ya kuondoka, Mwanarusi alimkuta Karambu amefunga kikapu chake. Hakumbembeleza. Alimpa ile kanga, akamshika mabega kwa nguvu, akaingia ndani akakaa huko mpaka boti ilipokuwa tayari.

*

Walikuta ukungu pale pale walipouacha. Kathuri aliwapokea barabarani, akambebea kikapu shemeji yake.

"Mmekuwa weusi!" alisema. "Mmeota jua la watu bure, sasa mtaanza kuongea kwa kunyoosha maneno. Shikamoo, Mswahili!"

"Marahaba," Riungu alisema. "Ng'ombe?"

"Yuko. Alikuulizia."

Siku ya kwanza Karambu alipika, akasalimia majirani, akaonyesha kanga. Siku ya pili kifua kilifunga. Magunia ya maganda yaliletwa tena kitandani, akaegemezwa, na pumzi yake ikaanza kusikika mpaka zizini kama zamani. Ilikuwa mbaya zaidi kuliko zamani, kwa kuwa sasa wote wawili walijua ilivyo kulala bila sauti hiyo.

Riungu alifikiri kwa utaratibu wake. Kule kisiwani kulikuwa na joto, naye akalala chali. Huku joto liko mahali pamoja tu, jikoni, kwenye moto. Basi kitanda kiende kwenye moto. Lakini chumba chao cha jiko kilikuwa cha mbao, na kati ya mbao na mbao upepo wa mlimani uliingia kama ulivyopenda. Basi upepo ufungiwe nje. Jiko la makaa wasingeweza kulitumia. Walikuwa wamelijaribu ndani ya chumba cha kulala, likampa Karambu kizunguzungu mpaka akaanguka. Kuni alizijua. Kuni zilikuwa zimemlea yeye na baba yake.

Alichimba udongo mwekundu chini ya migomba, akauchanganya na samadi mbichi na majani makavu yaliyokatwa, akaukanyaga kwa miguu mpaka ukawa laini. Akaanza na ukuta wa upande wa msitu. Alijaza nyufa kutoka chini kwenda juu, akisukuma kwa gumba, akilainisha kwa kiganja kilicholowa. Ilikuwa kazi nzuri. Watu waliopita walisimama kuitazama. Mikono yake haikumuuma tena.

Kitanda kilihamishiwa jikoni ukuta wa pili ulipoisha. Karambu alikaa juu yake na magunia yake, akimtazama. Moto ulikuwa ukiwaka kwenye mafiga, hatua chache kutoka miguuni mwake. Moshi uliokuwa ukitoka kati ya mbao tangu jiko lilipojengwa sasa ulipanda mpaka chini ya mabati, ukazunguka, ukarudi chini.

"Baba Nelius," alisema. "Moshi utapitia wapi?"

"Utapanda. Moshi hauna shida ya njia."

"Kule hapakuwa na moto ndani. Kule palikuwa na upepo."

"Upepo wa kule una joto. Huu wa huku nikiuacha uingie, utakumaliza."

Karambu hakubisha. Alijua kwamba mumewe alikuwa akisema kweli, na kwamba yeye pia alikuwa akisema kweli. Alikohoa, akangoja, akafuta mdomo kwa pindo la ile kanga.

"Basi yatoe mafiga," alisema. "Yapeleke nje, kwenye kile kibanda cha nyasi za ng'ombe. Nitapikia huko. Humu pafungwe hivyo unavyopafunga, lakini pasiwe na moto. Nilale mahali pakavu tu."

Mkono wa Riungu ulisimama ukutani.

Mawe yale matatu aliyaweka Karambu mwenyewe juma aliloletwa hapa akiwa bibi arusi, mama mkwe wake akimwonyesha pa kuchimba. Yalizikwa nusu ardhini, yasitikisike. Kwa watu wa huku, mwanamume hagusi mafiga ya mkewe. Hung'olewa mwanamke akiwa amefukuzwa, au akiwa amekufa, na mtu apitaye akiyaona yametupwa nje haulizi ni lipi, huvua kofia tu na kwenda zake. Riungu alikuwa mzee wa kanisa la Methodisti. Alikwisha kusimama mbele ya watu na kuwaambia kwamba mambo ya zamani yamepita.

"Unaniambia nini?" aliuliza.

"Nakuambia uyatoe mawe."

"Wewe uko hapa. Unaongea na mimi."

"Ndiyo. Nataka niendelee kuongea."

Kathuri, aliyekuwa akikanyaga udongo mlangoni, alitoa kicheko kisichokuwa na furaha. "Hata wewe, shemeji! Unataka tuulizwe tumemzika nani?"

"Waambie hamjazika mtu bado."

"Mambo kama hayo hayasemwi kwa mdomo."

"Wewe Kathuri, kanyaga udongo," Karambu alisema, na Kathuri akakanyaga.

Riungu alishuka kwenye ngazi. Aliyasogelea mafiga, akachuchumaa mbele yake. Sufuria la maziwa lilikuwa juu ya moto. Aliliinua akaliweka pembeni. Aliuweka mkono wake wenye udongo juu ya jiwe la karibu, lile la upande wa mlango. Lilikuwa la moto. Karambu aliona mabega yake yakijikaza kama ya mtu anayetaka kung'oa, akashika pumzi kidogo aliyokuwa nayo. Kisha mabega yakalegea. Riungu alirudisha sufuria mahali pake.

"Siwezi," alisema. "Omba kitu kingine."

"Sina kingine."

"Karambu, nitakuwa nimekuzika kwa mikono yangu."

Karambu alitelemka kitandani. Alipiga magoti pale alipokuwa amechuchumaa mumewe, akashika jiwe lile lile kwa ncha ya kanga, akalitikisa. Halikwenda popote. Alikuwa amelizika vizuri zamani, akiwa na nguvu. Alilitikisa tena, majivu yakapanda usoni, kikohozi kikamchukua, kikamlaza ubavu kwenye sakafu. Kathuri alikuwa ameondoka mlangoni. Riungu alimwinua, akamrudisha kitandani, akamsukumia magunia nyuma ya mgongo. Alimfungua vidole kimoja kimoja kutoka kwenye kanga.

"Nelius akija," Karambu alisema pumzi ilipomrudia, "mwambie yeye."

"Mtoto hang'oi mafiga ya mama yake aliye hai. Unajua."

"Najua."

Alimpa maziwa. Akanywa kidogo.

Riungu alirudi kwenye udongo, kwa kuwa ulikuwa umeshakanyagwa na ungekauka. Ukuta wa tatu ulikwisha alasiri. Ulibaki mmoja, wa upande wa shamba la chai, ambao mwanga uliingia kati ya mbao zake kwa vipande virefu vyembamba, na upepo pamoja nao. Alianza kona ya chini, akapanda mpaka kiunoni, ndipo mwanga ukaanza kupungua na akaona vidole vyake havifuati tena nyufa.

Alipogeuka, Karambu alikuwa amehama. Alikuwa amekivuta kitanda mwenyewe, haijulikani kwa nguvu gani, mpaka kwenye kona ya mbali ya ukuta ule ambao haujaisha. Alikuwa ameketi ameuegemea, shavu kwenye ubao, mdomo karibu na ufa. Ukungu ulikuwa ukiingia hapo. Nywele zake za mbele zilikuwa zimelowa.

"Hapo kuna baridi," Riungu alisema.

Karambu aliusogeza mdomo karibu zaidi na ufa. Alikuwa akipumua.

Alichukua gunia tupu, akafikiri kulitundika kwenye zile nyufa za juu. Alilishika kitambo. Akamfunika nalo magoti.

"Huu nitaumaliza kesho," alisema.

"Umalize kesho kutwa."

"Karambu, baridi inaongezeka."

"Kesho alasiri, basi. Usianze asubuhi."

Alifikiri kuhusu jambo hilo: asubuhi kulikuwa na chai ya kupeleka kituoni, na ng'ombe. "Alasiri," alikubali.

Aliongeza kuni motoni ili pasipoe. Kisha akatoka, akanawa miguu kwenye mtaro, na udongo uliobaki akaufunika kwa majani ya mgomba usikauke.